Ujumbe wa Mdogo Wangu Ulizunguka Kati ya Tunduma na Vwawa

Nimekosa, na sijifichi! Asubuhi ile nilikaa mbele ya kompyuta ya kituo chetu cha redio hapa Tunduma nikausoma ujumbe wa nesi wa Ikinga: "Neema kajifungua, damu haikatiki. Leteni gari." Ulitumwa jana yake. Ulikuwa umepita kwenye mashine yangu mara kumi na tisa! Neema ni mdogo wangu, tumbo moja. Alishakufa.

Jamani!

Tulikuwa kikundi cha watu wa redio za mawasiliano, kazi ya kujitolea. Ikinga, kule Ileje, simu zilikuwa hazishiki. Nesi anaandika, redio inarusha mpaka kwetu, sisi wenye intaneti, mashine zetu zinapeleka zenyewe kwa wenye gari. Wenye intaneti tulikuwa wawili tu: mimi, na Ambakisye wa Vwawa.

Sheria ilikuwa moja. Ukibadili njia ya ujumbe, unatangaza redioni saa nne asubuhi, kila kituo kinaitika.

Intaneti yangu ikakatika. Nikaiamuru mashine: yote ya Ileje peleka Vwawa kwa redio. Sikutangaza! Ambakisye alishanicheka hewani, wote wanasikia: "Dada wa darasa la saba, wewe bonyeza unachoambiwa, ufundi tuachie wenyewe." Nikasema huyu simwambii kitu.

Kumbe na yake imekatika! Naye kaiamuru: yote ya Ileje peleka Tunduma. Kimya kimya. Mimi namrushia, yeye ananirudishia. Tungetangaza, ningejua, ningewapigia simu wenye gari, basi!

Kabla ya hapo nesi alishalalamika kwamba wenye gari hawamjibu. Nikapima. Nikaita mashine ya Vwawa, ikaitika, nikamwambia nesi, "Njia ni nzima, mama." Mjinga mimi! Nilipima kipande changu tu, sikufuata mpaka mwisho kuona kama kuna anayepokea.

Na mashine yangu ilikuwa inamjibu nesi "imepokelewa". Shemeji, mume wa Neema, na wenzake walishafunga machela wambebe Neema mpaka barabarani. Nesi akawazuia: "Subirini, gari linakuja." Wakamshusha.

Walisubiri gari ambalo hakuna aliyeliita.

Kwenye kikao cha kikundi Ambakisye alikuja ameshafuta amri yake. "Muulizeni dada yenu," akasema. Nilikuwa na karatasi niliyochapa, inayoonyesha Vwawa ikinirudishia ujumbe mara zote hizo. Nikampa mwenyekiti, Twalibu. Akaikunja, akanirudishia. "Yaishe, dada. Utatuvunjia kikundi."

Yaishe kwa nani?

Langu nimelibeba. Shemeji hapokei mkono wangu mpaka leo. Nyie mnaoshika mitambo, msiamini neno "imepokelewa". Ulizeni kapokea nani! Na mkigombana, gombaneni, lakini tangazeni.

Ambakisye, duka lako la simu hapo Mlowo nalijua. Pole yako sitaki. Panda Ikinga, mchukue na Twalibu wako, simama mbele ya shemeji na watoto wa Neema, useme aliyeurudisha ule ujumbe Tunduma ni nani. Mimi nimeshasema langu. Sema lako!