Sauti Aliyoiazima Haidar

Haidar ana banda la video hapa kwetu Wingwi. Upande mmoja limegusana na nyumba yangu, upande wa pili limetazamana na msikiti, kwa hiyo mimi nasikia kila kitu nikitaka nisitake, maana mabati hayazuii neno. Nimemlalamikia mpaka nimechoka. Hunijibu "Samahani, Bi Asya" kwa adabu zote, kisha anaongeza sauti.

Asubuhi ni mkulima wa mhogo, tena mvivu, Mungu anisamehe. Kipaji chake kiko mdomoni. Ujanani alikuwa dobi kwenye hoteli moja Unguja, akaokota Kiingereza chake zaidi kwenye televisheni kuliko kwa wageni, akarudi nacho. Basi huweka picha ya kizungu, akazima maneno yao, akashika maikrofoni na kutia ya Kipemba. Utamwona mwanamke wa kizungu na nywele zake za dhahabu anamgeukia mumewe, anamwambia, "Wee, chungu chaungua na weye umekaa tu." Watu hawana mbavu. Haidar ana sauti za wanawake, za vizee, za watoto wenye mafua, na wenye sauti hizo wengi tunawajua.

Mwaka huu alileta tamthilia ya watu wanaoishi ndani ya chombo huko angani. Dunia yao imeungua na wanatafuta nyingine. Mimi nilisema ni upuuzi, lakini haikuchukua muda nikawa nasogeza mbuzi ya kukunia nazi karibu na ukuta, penye tundu la bati. Nahodha wao ni mzee mwenye upara, mpole, asiye na haraka ya kusema. Haidar akampa sauti ya Mzee Mmanga.

Mzee Mmanga ni ami yangu, ndugu mdogo wa baba, na ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti ule tangu mimi sijaolewa. Alikuwa na desturi yake: akiwasha kipaza sauti husafisha koo kwanza, kikohozi kimoja kirefu chenye mkia, ndipo aadhini, na maneno huyavuta. Haidar alimpatia barabara. Nahodha akikohoa tu, banda zima linajua amri inakuja. Watu wakaanza kumwamkia ami njiani, "Shikamoo Nahodha," naye akaitikia marahaba huku akicheka, akidhani ni heshima ya uzee, kwa kuwa banda lile hajapata kulikanyaga, na baina ya sala na sala yuko nyumbani kwake, mbali na kelele zake. Sote tulijua na hakuna aliyemwambia. Tulimpenda yule nahodha, tukaona kumpenda yeye ni sawa na kumpenda ami.

Sasa Haidar ana kanuni moja nzuri. Kila kipindi hukitazama peke yake asubuhi, akajua nani atakufa na nani atasaliti, ndipo alasiri akitie sauti. Lakini kipindi cha kufunga msimu kilichelewa. Fleshi yenye kipindi ilitoka Chake Chake kwa pikipiki baada ya adhuhuri, watu washajaa nje. Umeme nao ukakatika, uliporudi alasiri ilikuwa imekwenda sana. Aliona haya kuwarudisha watu. Akaanza hivyo hivyo, hajui kilichomo ndani. Hapo ndipo namlaumu mpaka leo.

Chombo kiliingia moshi wa sumu. Nusu ya watu walikuwa chumba cha nyuma, wanawake na watoto, wakaukimbilia mlango. Nahodha amesimama upande wa pili, mkono juu ya kitasa. Wanagonga, wanamwita, wanalia. Mimi niliacha kukuna nazi. Yule mzee akawatazama kupitia kioo, akafunga mlango kwa ndani. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mzungu mwenyewe pale hakusema chochote. Alinyamaza. Haidar ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Alikohoa kile kikohozi, akayavuta maneno kama kawaida:

"Msinlaumu, waja wa Mungu. Kila ntu na roho yake."

Banda likalipuka. Wengine walicheka, wengine walikasirika kweli kweli, wakamtukana nahodha kwa jina la ami yangu, wakamwita khaini. Na papo hapo kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza, ikawa Magharibi, na kikohozi kikatoka. Kilekile, na mkia wake.

Kwetu ikiadhiniwa picha huzimwa, hata kama mtu anakata roho kwenye kioo. Haidar alizima. Kipindi kimefika nusu, nahodha mkono mlangoni. Lakini kicheko hakina kitufe. Watu wazima wenye ndevu zao walicheka juu ya takbira ya kwanza, wakacheka juu ya ya pili, na mmoja wao, Jaribu, akapaza sauti, "Tufungulie, Mmanga." Madirisha ya msikiti yalikuwa wazi.

Ami akanyamaza katikati ya adhana. Kisha akaendelea haraka haraka, havuti tena neno, kama mtu anayemaliza dawa chungu.

Wakaingia msikitini vichwa chini. Baada ya sala ami alimwuliza Jaribu kwa upole kilichowachekesha. Jaribu ni mtu wa mzaha, ila kusema uongo ndani ya msikiti alishindwa, akaeleza yote, tangu mwanzo wa msimu. Haidar alikuwa safu ya nyuma. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akatoka na kandambili za mtu mwingine.

Alfajiri yake aliadhini Thabit, mwalimu wa madrasa. Adhuhuri Thabit. Tukasema ami anaumwa, lakini alikuja kusali kama siku zote, akaitikia salamu, hakugombana na mtu. Tungefurahi angegombana. Wanaume waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yake kwa kelele wakaanza kupitia shambani.

Haidar akalifunga banda. Walipodai nusu ya pili alisema fleshi imeharibika. Uongo. Nilimsikia asubuhi akiitazama peke yake, sauti ameiteremsha. Akawa anasali nyumbani. Mkewe, Khairat, akaniambia mumewe haongei hata na mbuzi. Mimi huruma ilikuwa ndogo. Nilimwendea nikamwambia kwamba kujificha ndani hakumrudishii ami adhana yake, na kama yeye ni mwanamume avae kanzu twende.

Tulimkuta ami barazani, anachambua karafuu juu ya jamvi, anazitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Haidar alitoa shikamoo, akakaribishwa kiti, akakaa chini mchangani. Aliomba radhi mara nyingi, akilia bila kujificha, nami nikaangalia pembeni kwa sababu na mimi nilikuwa naona haya. Kisha akaanza kusimulia nusu ya pili ya kile kipindi, ambayo hakuna mtu hapa aliyekuwa ameiona. Kumbe sumu ilikuwa upande wa nahodha. Aliufunga mlango ili isiwafikie wale wanaogonga, akabaki nayo ndani peke yake, akafa, wakapona wao. Haidar alisimulia haya kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyo na pambo, na karibu nisiitambue.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama watu washaonyeshwa. Haidar akasema bado, anaona aibu kufungua kinywa mbele yao. Ami akamwambia awaonyeshe, si haki mzee yule abaki na jina la khaini.

Hapo Haidar akapata moyo. Akamwomba arudi kuadhini, hata mara moja tu, akaahidi kwamba yeye Haidar atasimama mlangoni mwa msikiti awaombe radhi watu wote.

Ami aliendelea kuchambua karafuu. Hakuwa na hasira, ningependa mlielewe hilo.

"Nshakusamehe, mwanangu, tangu siku ile," akasema. "Lakini kila nkishika maikrofoni nakusikia weye. Mie sijisikii tena."

Haidar akamshika mkono akaubusu, akabaki ameuinamia. Tukawa tumekaa hivyo mpaka Thabit akaadhini alasiri. Niliiona midomo ya ami ikiitikia adhana, neno kwa neno mpaka mwisho, lakini hata mimi niliyekaa ubavuni kwake sikusikia kitu.