Dripu ya Fundi Viatu

Miaka ilikuja na kupita, hata nywele za muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume zikageuka majivu chini ya kofia. Lakini katika miaka yote hiyo hakuchoshwa na kitu kama alivyochoshwa na juma lile alilolazwa fundi viatu.

Fundi alikuwa na kisukari cha siku nyingi. Kuvu ilimwingia puani, ikala nyama, ikaanza kulinyemelea jicho la kulia. Madaktari walimkata nyama iliyokufa, wakaagiza dawa kali ya dripu, itiririke polepole kwa saa tano kila siku.

"Ikikatizwa," daktari alimwambia muuguzi, "jicho tutalitoa."

Basi kila muuguzi alipogeuka, akirudi hukuta dripu imefungwa. Jumatatu alidhani mrija umejikunja. Jumanne alimgombeza mfagizi bure, ikambidi amwombe radhi. Jumatano alijibanza nyuma ya pazia, akamwona dada mkubwa wa fundi akivaa miwani, akiusoma mfuko, kisha akiubana mrija kwa utulivu wa mtu anayefunga banda la kuku.

"Dada, unataka nife kwa presha?"

"Wewe ndiye unayetaka kumuua mdogo wangu. Hapa pameandikwa glukosi. Miaka kumi na miwili namnyima hata chai ya sukari, nyinyi mnamtilia ya mfuko?"

"Dawa hii ukiichanganya na maji ya chumvi inaganda. Inakubali maji haya tu."

"Dawa gani hiyo inayodeka?"

"Nilimwambia aiache," fundi alinong'ona ndani ya bandeji. "Akaniambia nilale."

Muuguzi alimeza maneno ambayo mcha Mungu hapaswi kuyatamka. Akampima fundi sukari mbele ya dada, akamwonyesha insulini iliyoongezwa kwa ajili ya glukosi ile ile, kisha akavua saa yake ya mkononi, akampa.

"Kaa uilinde dripu. Ikisimama kabla ya saa nane, niite."

Hapo alijitafutia balaa. Dada alimwita kila robo saa, na siku moja akamkataza daktari mwenyewe kuugusa mrija. Lakini dripu haikusimama tena.

Siku ya ishirini na moja muuguzi aliifungua bandeji, huku dada akimwelekeza namna ya kuifungua. Jicho likapepesa, likamtazama.

"Muuguzi," fundi akasema, "mbona umenuna hivyo?"

Mwenyezi Mungu amzidishie muuguzi huyo subira na nguvu za miguu, amhifadhie fundi nuru ya macho yake, amlipe dada kwa ulinzi wake, na awajaalie wao na jamaa zao afya na mwisho mwema.