Kobe wa Obed

"Vya kwako umeuza, sawa. Na vya kwangu umeuza kwa mdomo wa nani?" Scola alimuuliza kaka yake, kisu cha kukatia tairi kikiwa bado mkononi.

"Chapa ni moja," Elius akajibu. "Anthony hanunui kobe nusu. Lete chuma."

Tulikuwa kibandani kwa Scola, hapa Njombe mjini. Elius alikuwa ameshuka kwenye basi la Makambako muda huohuo, na mimi shangazi yake hata salamu hakunipa. Nikakaa juu ya tairi la lori, nikaendelea kumenya viazi vyangu. Ukinidharau ndipo ninapokusikiliza vizuri.

Ugomvi huu aliuanzisha baba yao, Obed, mdogo wangu. Alianza kukata katambuga, viatu vya tairi, zamani, pale njia panda ya Makambako. Tairi lake la kwanza lilichomoka kwenye lori, likabingirika lenyewe hadi Njombe, kona zote likakata, likasimama mlangoni kwetu. Nililifungulia mimi. Baadaye akafua kobe wa chuma, akawa anamtia motoni na kumgandamiza kwenye kila soli. Kuna mzee wa Ludewa alizikwa na katambuga za kobe. Mwezi uliofuata zilionekana sokoni zinatafuta mtu mwingine.

Mikono ilipoanza kumtetemeka, Obed aliwagawia wanawe kwa mdomo, mbele yangu. Kinachovaliwa mguuni ni cha Scola. Mpira mwingine wote, kamba za kufungia mizigo na ndoo za kisimani, ni wa Elius. Kobe atumiwe na wote. Nikamuuliza, na kiraka cha buti la mvua ni cha nani? Akasema nina kelele.

Mvua za kwanza tu wakavaana kwa ajili ya viraka. Elius alisema kiraka hakivaliwi, Scola akasema buti linavaliwa. Tangu hapo hawajala sahani moja. Sasa Elius amemuuzia kobe mzima Anthony, mfanyabiashara wa Makambako, akambandike kwenye ndala za plastiki.

"Wewe tafuta mnyama mwingine," akamwambia dada yake. "Weka sungura."

"Watu wa Igwachanya wakija hapa wanageuza soli kwanza. Wasipomwona kobe wanaondoka. Nitakula nini, huyo sungura wako?"

"Utajua mwenyewe."

"Baba alikupa mgongo mzima ukala, sasa umeifuata na miguu. Fisi wewe."

"Baba yenu amekubali?" nikauliza.

"Shangazi, menya viazi."

"Namenya. Hiki hapa umefanana nacho. Nje kizuri, ndani kimeoza."

Elius akainama kwenye jiko la mkaa, akamchomoa kobe kwa mpini wake, mwekundu kabisa. Scola akaziba mlango kwa mwili wake.

"Utapita juu yangu."

"Nimeshapita pabaya zaidi."

Nje mtu akakohoa. Scola akageuka, akasogea pembeni bila kutaka. Obed akaingia, amejikongoja na fimbo yake kutoka nyumbani, maana siku hizi anaishi kwa Scola. Elius akaficha chuma nyuma ya mgongo, karibu mno na suruali.

Obed akanusa.

"Mnapiga chapa nini?"

Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya Elius, naye amebana meno, machozi yanamtoka.