Mgeni Katika Chumba cha Leza

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara hakunionyesha mashine yoyote. Alifunga mlango wa maabara, akavuta kiti. "Keti kwanza, Mama Kioko. Chumba kikuzoee."

Nilicheka. Nilikuwa nimetoka kufundisha sayansi Matinyani, ambako mwalimu anayeketi darasani huitwa mvivu.

Kazi yangu ilikuwa kutunza leza. Mwanga wake ulipita ndani ya kichupa cha kioo chenye mvuke wa metali iitwayo rubidi. Msiogope, vijana, jambo lenyewe ni rahisi. Kila aina ya atomi ina rangi zake za mwanga inazozipokea. Leza ikikosea rangi hata kidogo, mwanga hupita kana kwamba kichupa ni kitupu. Ikipatia, elektroni ya atomi hupanda ngazi, hukaa kitambo kifupi mno, kisha hushuka na kuuachilia mwanga ule upande wowote. Ndipo kichupa hung'aa. Sisi tulisema leza na atomi wamepatana.

Adui yetu alikuwa joto. Leza ndogo hubadili rangi ikipata joto au baridi kidogo tu, na mchana wa Kitui mnaujua.

Mwanafunzi wetu Mwende alibakiwa na alasiri moja ya kumaliza vipimo. Kesho yake leza ingerudishwa kwa chuo kilichotuazima, na bila vipimo asingehitimu. Kichupa kilikuwa kinang'aa vizuri kwenye skrini ya kamera mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mama yake Mwende, kutoka Kasikeu, na ndengu ndani ya kikapu chake cha kyondo.

Akazunguka akitusalimu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. "Hamjambo huku! Wi museo, u mzima?"

Joto la nje lilikuwa limeingia naye; skrini ikawa giza.

"Mwaitu, mama! Si nilikuambia ungoje nje?"

"Niingie kwa watu nisiwasalimie? Nani alikulea hivyo?"

Mwende akageukia ukuta akilia. Nikaushika mlango nimtoe mgeni kwa adabu, lakini mkuu akanizuia.

"Ukifungua tena, tutaanza upya. Keti, Mama Mwende. Chumba kikuzoee na wewe."

Akaketi. Tulingoja hewa itulie, nami nikarekebisha joto la leza taratibu, taratibu, hadi kichupa kikang'aa tena. Mwende alipima hadi jioni. Mama yake hakukohoa wala kuuliza neno, kyondo mapajani, macho kwenye skrini.

Leza ilipozimwa, alinong'ona, "Sasa naweza kupumua?"

"Pumua, mama wa msomi," mkuu akasema. Mwende alikuwa tayari amempigia mama yake magoti, kichwa juu ya kyondo.

Siku hizi nimestaafu. Watu huja kwangu na mambo yao, wengine wakilia tangu langoni. Siwaulizi kitu. Nawavutia kiti.