Weusi Uliosogea kwa Kidole

Marlys Tvedt ni wakili wa wanyonge. Huku kwetu Dakota ya Kaskazini, mtu akikaribia kunyang'anywa mtoto au nyumba, anaelekezwa kwake. Alipofiwa na mumewe aliifunga ofisi ya barabara kuu, akanunua kishikwambi, akaja kunionyesha jikoni.

"Ardis, ofisi yangu sasa inaingia mkobani."

"Na ikitumbukia kwenye supu?"

"Nitailamba."

Tumeimba kwaya moja tangu usichana, kwa hiyo namjua. Alifanyia kazi popote: hospitalini, kanisani kabla ya ibada, ndani ya gari hita ikiunguruma. Kioo kile hakisikii glavu ya sufu, basi mkono wake mmoja ulikaa wazi, na kidole kikawa chekundu msimu mzima wa baridi.

Februari aliniletea Corinne na bintiye Josie, wa miaka minne. "Wakae kwako. Una vyumba, na mdomo wako una kufuli." Corinne alikuwa amemkimbia mumewe, Dale. Alitafunia upande mmoja tu wa taya. Sikumuuliza kwa nini. Mwanzoni alilala ameegemeza kiti mlangoni. Baadaye nikaanza kumsikia akiimba kidogo akiosha vyombo, nami nikamshukuru Mungu kimyakimya nisije nikamshtua.

Ilibidi Marlys aombe mahakama imzuie Dale asimsogelee, na mtoto abaki kwa mama. Sheria inataka upande wa pili nao upewe nakala, ila anwani ya nyumba yangu ifunikwe kwa weusi. Siku ya mwisho ya kupeleka hati iliangukia siku ambayo mjukuu wake anacheza hoki. Tulikaa garini nje ya uwanja wa barafu, mimi nikimimina kahawa, yeye akipitisha kalamu ya kishikwambi juu ya anwani, kila ilipotokea. Niliona kwa macho yangu: nyeusi tii.

"Corinne ameniuliza mara mbili kama njia hii ni salama," alisema. "Nimemwambia ni salama kuliko karatasi."

Akabonyeza, hati zikaenda. Tukaingia kushangilia mpaka sauti zikakauka.

Kumbe ule weusi ulilala juu tu, kama kitambaa juu ya mkate. Maandishi yalibaki chini yake vilevile. Ili yafutike kabisa palikuwa na mahali pengine pa kubonyeza, napo hakupabonyeza. Enzi za ofisi, kazi hiyo ilifanywa na karani wake.

Wiki iliyofuata, asubuhi, gari la Dale lilisimama ng'ambo ya barabara. Nilitoka na aproni yangu. Alivua kofia kwa adabu.

"Habari za asubuhi, mama. Nimemletea binti yangu buti."

"Hapa hakuna binti yako."

"Aa, mama! Mtu wa kanisa, uongo asubuhi yote hii?" Akacheka. "Mwambie wakili wake asante sana. Ule weusi nimeugusa tu kwa kidole, ukasogea."

Nilimpigia simu polisi wa wilaya. Alikuja, wakazungumza na Dale habari za theluji, kisha akanifuata. "Ameegesha barabarani, Ardis. Barabara ni ya watu wote. Una amri ya hakimu?"

Amri ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaiomba.

Lakini alikubali kusimama pale mpaka wageni wangu waondoke. Corinne alishamvalisha mtoto. Unga aliokuwa anaukanda ulibaki mezani. Marlys aliingia mbio bila koti, mkoba ukimning'inia.

"Corinne, mwanangu, nisikilize..."

"Nilikuuliza kama ni salama."

"Najua. Kosa ni langu. Niambie unakwenda wapi, nitaendelea na kesi."

"Nikuambie? Wewe?" Hakupaza hata sauti. "Safari hii sikuambii. Na wewe, mama Ardis, usiniulize. Nakupenda, ndiyo maana."

Siku ya kusikilizwa ilipofika, alikuwa Dale, mwanasheria wake, na Marlys peke yake. Hakimu aliuliza mlalamikaji yuko wapi. Marlys akasema hajui, na ilikuwa kweli. Ombi likatupwa. Chama cha mawakili kilimwandikia Marlys onyo, basi. Jumapili yuko kwaya kama kawaida, na mimi husimama kando yake. Naomba kila siku nimsamehe kwa moyo, si kwa mdomo. Bado.

Kishikwambi anacho. Ila hati zenye anwani sasa anazichapisha, anakuja nazo jikoni kwangu, anazipaka wino mzito, kisha anainua karatasi dirishani kwenye mwanga.

"Ardis, unaona kitu?"

"Sioni."

"Angalia tena."

Naangalia tena. Chumba cha juu nimekiacha kama kilivyokuwa, kiti kando ya mlango.