Nguo Nyeupe Chini ya Nguo ya Harusi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ilikuwa ya ukungu, ule ukungu unaoshuka kutoka Matogoro na kukaa Songea kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa binti, nimejitwisha mtungi wa maji, napanda bomani kwa Mjerumani. Mimi si mtu wa kwenda mahali. Hata leo ukiniuliza dunia ilivyo, nitakueleza jiko langu vizuri sana, na huko kwingine nitabahatisha. Mshangano, kijiji cha jirani tu hapo, nimefika mara chache, na kila nikifika natamani kurudi kabla sijakaribishwa kiti. Kwa hiyo usidhani nilipanda boma kwa kupenda. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, maji hayakuzuia risasi, baba yangu alikuwa mmoja wa walionyongwa, na sisi tuliobaki tulilazimishwa kukarabati boma la watu waliomnyonga.

Chini ya ngata ya mtungi nilikuwa nimejifunga kichwani utepe wa gome la mti. Kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya kufiwa.

Maji nilimpelekea fundi seremala mmoja aliyeitwa Tan. Hakuwa Mzungu, hakuwa Mhindi, na watoto walimfuata wakimtazama mpaka anawapa maranda wachezee. Wajerumani walimleta na wenzake kwa meli kutoka Singapuri kulima mashamba ya Tanga. Kazi ilipokwisha wenzake wakarudi, yeye akabaki na randa yake, hadi msafara wa Kilwa ukamleta kwetu kutengeneza milango. Alisema Kiswahili laini cha pwani, na sisi wa bara tulikisikiliza kwa raha, tukielewa nusu. Kwao, alisema, ni kusini mwa Uchina, na kabila lao ni Wahokien. Mimi nilimwita Fundi tu.

Nyumbani palikuwa na njaa. Wajerumani walichoma mashamba na vihenge, na mimi na bibi yangu mzaa baba tulikula mizizi ya porini ambayo hata nguruwe angeuliza mara mbili. Ndipo akaja Yosefu, kijana wa misheni, kutaka kunioa. Baba yake alikuwa amefukia ulezi shimoni kabla ya moto, kwa hiyo alikuja na sura nzuri kuliko vijana wengine wote. Lakini Yosefu alibeba mizigo ya jeshi la Mjerumani muda wote wa vita. Alisema alilazimishwa. Nikamjibu kwamba mgongo uliobeba ulikuwa wake, si wa jirani.

Na kwao waliweka sharti moja: utepe niuvue. Hawakutaka mke anayeingia na msiba wa mtu aliyenyongwa, wakiogopa bomani wasije wakasikia.

“Mke mwenzangu,” bibi akaniambia, maana ndivyo alivyozoea kunitania, “olewa. Ukikataa utanizika kabla ya mvua, na huna hata nguvu za kushika jembe.”

“Nikiuvua nitakuwa nimemtupa baba.”

“Na usipouvua?”

Swali hilo ndilo nililopanda nalo boma siku ile ya ukungu, pamoja na mtungi.

Nikafika, nikaketi kwenye maranda. Yalinukia vizuri, na mimi nilikuwa na njaa, na mwenye njaa huwa kama anaota macho wazi. Fundi akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote. Mwisho nikasema, “Basi nitaolewa, na nitamsahau baba. Nitasahau kila kitu. Si ndivyo wanavyotaka?”

Akaweka randa chini. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika kabla ya hapo.

“Nani amekufundisha kwamba njia ni hizo mbili tu, binti? Kufa na msiba wako au kuutupa jalalani? Kaa hapo.”

Nikakaa. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nikakaa vizuri zaidi.

Akaanza kusimulia taratibu, macho yake yako kwenye ukungu kana kwamba kwao kuko nyuma yake. Zamani sana, alisema, nchi yao ilikuwa ya watu wengine, watu wa milimani na wa pwani, wenye lugha yao. Kisha wakaja askari kutoka kaskazini, kwenye tambarare za mto mkubwa, wametumwa na mfalme wao. Wakapigana. Wanaume wengi wa milimani wakafa. Askari hawakurudi kwao tena, na hawakuja na wanawake. Mkubwa wao akawaambia waoe papo hapo.

“Wakaoa mabinti wa wale waliowaua?”

“Hao hao. Na wale mabinti, hivyo ndivyo bibi zetu wanavyosimulia, walisema: tutaolewa, lakini chini ya nguo ya harusi tutavaa nyeupe. Kwetu nyeupe ni nguo ya msiba. Tunawalilia baba zetu, hamtatuzuia.”

“Wanaume wakakubali?”

“Walijua walichofanya.” Akapangusa randa kwa kidole gumba. “Humo ndimo tulimotoka sisi. Leo kaburi la kwetu huchongwa jina la mahali alikotoka babu wa kaskazini, nasi tunajisifu kwa babu huyo. Bibi hana mahali palipochongwa. Lakini mama yangu alipoolewa alivaa nyeupe ndani, na dada yangu pia. Dada hakujua hata sababu, alidhani ni ya baraka.”

“Sasa ninyi ni watoto wa waliochinja au wa waliochinjwa?”

Akacheka. “Wa wote. Mkono huu wa babu, huu wa bibi. Nikikata mmoja, nani atapiga randa? Haya, nenda, na kesho ulete maji yaliyojaa.”

Nilirudi nikamsimulia bibi, nikijiona mimi ndiye niliyefika Uchina.

“Na wewe unadhani babu yako alinikuta wapi?” bibi akaniuliza. “Ngomani? Wangoni walituteka kwetu Undendeule, mimi na mama. Niliolewa, nikazaa, nikawa Mngoni. Sikuvaa kitu chochote. Hakuna aliyeniambia kwamba inawezekana.”

Akanivua utepe kwa mikono yake mwenyewe, akaushonea ndani ya kaniki ya harusi, kiunoni. Nami nikaolewa.

Asubuhi moja, nikiwa natwanga ulezi, kaniki ililegea na Yosefu akauona utepe. Nikaacha mchi. Nilijua nitarudishwa, na bibi atakosa chakula.

“Huo ni wa baba yako,” akasema.

“Ndiyo.”

Akaketi chini, kwenye vumbi la kinu. “Miti ya kunyongea niliibeba mimi. Sikuambiwa ni ya nini mpaka nilipoitua.”

Nikaikaza kaniki kiunoni. Baadaye kidogo akasema, “Usiutoe. Watoto wakija kuuliza, wewe utawaeleza yako, na yangu nitawaeleza mwenyewe.”

Akawaeleza, mwanangu, mmoja baada ya mwingine, kila aliyefikia umri wa kuelewa. Na kila akimaliza alitoka nje na kusimama peke yake nyuma ya nyumba, na sisi tulimwacha.

Basi ninyi mnaokuja jikoni kwangu kuniuliza kama mnaweza kuoana na watu walioumizana na wazee wenu, nawaambia oaneni mkipendana, lakini asiwepo wa kumwambia mwenzake asahau. Aliyeonewa avae msiba wake hata kama ni ndani, na wa upande wa pili aseme lililofanyika kwa mdomo wake mwenyewe. Na mkiulizwa mmetoka wapi, msimtaje babu aliyeshinda peke yake. Mtajeni na bibi, hata kama alichukuliwa kwa nguvu, maana damu yake ndiyo mnayotembea nayo.

Mungu akupe nyumba ambayo hata marehemu wake wana pa kukaa, mwanangu, na ulezi usiishe kwenye kihenge chako.