Mvua ya Korbesa na Godoro la Mama

Kila nikirudi Isiolo hutafuta kitu cha kutengeneza, ili nionekane nimerudi kwa sababu. Safari hiyo, baada ya kuzunguka Moyale, Lodwar na miji mingine ambayo siwezi kueleza nilikuwa nikifanya nini huko, nililichagua paa la mama pale mtaa wa Wabera. Mabati yalikuwa yametoboka kama chujio. Mvua ilikuwa imekosa misimu kadhaa, kwa hiyo sikuona haraka. Niling'oa yote juu ya chumba chake cha kulala, kisha nikashika njia kutafuta mapya, na, kusema kweli, kutafuta pia uwanja tuliochezea mpira utotoni. Palikuwa pamejengwa maduka ya simu. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye duka la mabati.

Mama akawa analala akitazama nyota.

"Wazee wa Biblia walionyeshwa nyota wakaahidiwa nchi," aliniambia. "Mimi nimeahidiwa mabati."

Asubuhi moja aliingia jirani yetu, mama wa Kiborana aliyekuwa akinipa maziwa tangu sijaota meno. Mbuzi wake walikuwa Korbesa, kule Merti, wakichungwa na kaka yake. Mbuzi hao ndio waliosomesha watoto wake, na hakuwa na mali nyingine.

"Salaam aleikum, dada."

"Aleikum salaam," mama alijibu. "Ngoja, umegeuza mtandio. Mshono uko nje."

"Si makosa. Tumetoka uwanjani kuomba mvua. Tunageuza nguo ili Mungu naye atugeuzie hali." Akaketi. "Kaka amepiga simu. Mbuzi inaanguka, anaiinua kwa mkia, inaanguka tena. Sasa na nyinyi ombeni. Mvua haiulizi mtu anasali wapi."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama juu, mahali ambapo paa lilipaswa kuwa. Halafu mama, mshirika wa kanisa miaka yote, akavua sweta yake, akaigeuza, akaivaa, na kuomba kwa sauti mvua inyeshe Isiolo yote, kila boma, kila kisima. Hakubakiza hata kichaka.

"Amin," alisema jirani.

"Amina," nilisema mimi, na kimoyomoyo nikaongeza: Bwana, ukitoka milima ya Nyambene, nyoosha moja kwa moja hadi Merti. Usikate kushoto kuja mjini.

Kumbe midomo yangu ilikuwa inacheza.

"Unanong'ona nini?" mama aliuliza.

Nikasema ukweli. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unamwelekeza Mungu njia? Kwani ni dereva wa lori?"

Aibu ilinifanya nikimbilie masomo. Nikawaeleza nilivyofundishwa sekondari: mvua ni mvuke, upepo na milima, ni sheria ya dunia nzima, na haibadilishwi kwa sababu ya mtu mmoja na shida zake.

"Haya, kama ni sheria," mama alisema, "wewe ulikuwa unamnong'oneza nani?"

Kama mvua hufuata sheria tu, basi sote watatu tulipoteza pumzi. Kama hubadilishwa kwa maombi, basi mbuzi wa jirani na godoro la mama walikuwa wamefika mbele ya hakimu mmoja siku moja, na mimi nilikuwa shahidi wa godoro.

"Kuna kuomba," mama aliongeza, "na kuna kumtuma Mungu kazi ambayo wewe umeikwepa. Mabati uliyonunua yameegemea ukuta. Panda juu upige misumari."

Nilipanda. Saa tisa wingu lilitoka upande wa Nyambene, likafika njia panda niliyokuwa nimelieleza, likakata kushoto. Nilikuwa nimepiga mabati mawili. Mvua iliingia chumbani kama mgeni aliyealikwa. Jirani alikuja mbio, yeye na mama wakabeba godoro wakiteleza na kutukanana kwa kicheko, wakalifikisha jikoni kwake. Hapo simu yake ikalia. Akasikiliza, kisha akakaa juu ya godoro lililolowa.

"Korbesa hakuna," alisema. "Vumbi tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati yake kwa nguvu, nasi tuliisikia kama kitu tulichochukua kwenye sahani ya mtu. Nilirudi juu ya paa nikaendelea kugongelea, kwa sababu sikuweza kumtazama jirani.

Siku zilizofuata mama hakuirudisha ile sweta upande wake. Aliivaa hivyo hadi sokoni. Watu walipomwambia mshono uko nje, alijibu, "Najua. Ni ya Korbesa." Mimi niliomba pia, mara hii bila kutaja barabara.

Kisha alasiri moja jirani akaingia amenyoosha mkono wenye simu, ameiweka sauti kubwa. Kwanza tulisikia mngurumo tu, kama mtu anamwaga mawe kwenye karai. Mama akafunika mdomo. Halafu ikatoka sauti ya kaka mtu, anapiga kelele kutoka Korbesa:

"Inatosha! Boma imejaa maji! Waambie hao Wakristo wako wapunguze!"

Jirani alimtazama mama. Mama alitikisa kichwa polepole.

"Anasema wewe vumilia," jirani akamjibu kaka yake, machozi yakimtiririka. "Anasema hapa sisi tunajua kufungua tu, kufunga hatujui."